Nani Alipie Skuli? Khabari za Wenye Kahawa wa Mkuu, Rombo



Katika mkutano wetu uliopita lilitolewa shauri kwamba kila mwanachama akatwe shilingi 100 kwa kila kilo ya karafuu kavu atakayouza msimu ujao, na fedha hizo zimalizie madarasa ya skuli yetu ambayo kuta zake zimesimama bila ya paa. Wako waliounga mkono na wako waliosema maneno makali. Mzee mmoja alisema kwamba watoto wake wote wamekwisha kuoa na kuolewa, wala hana mjukuu hapa kisiwani, basi kwa nini karafuu zake zisomeshe watoto wa jirani? Kijana mmoja akamjibu kwamba yeye mzee naye alisomeshwa kwa karafuu za watu wengine. Mkutano ulikwisha kwa salama lakini shauri halikukatwa, nasi tukapewa kazi ya kuandika machache juu ya jambo hili kabla hatujakutana tena.

Tumeona vema tusianze na sisi wenyewe, maana ni vigumu mtu kuhukumu ugomvi ambao yumo ndani yake. Tutakwenda Bara, mpaka Mkuu, makao makuu ya Wilaya ya Rombo, upande wa mashariki wa mlima Kilimanjaro. Tumechagua hapo kwa sababu watu wake wanafanana nasi katika mambo mawili. La kwanza, wao wana zao moja la miti ambalo ndilo lililowapatia fedha tangu enzi za babu zao, nalo ni kahawa, kama zetu zilivyo karafuu. La pili, mpaka wa Kenya uko karibu nao mno, Tarakea upande mmoja na Holili upande wa pili, kama Shimoni na Mombasa zilivyo karibu na Pemba. Jambo hili la pili wasomaji wataona mbele lina maana gani.

Mchagga hukaa katika kihamba chake, yaani kiunga alichorithi, chenye migomba juu na mibuni chini yake. Vihamba vimepakana, na jirani wa leo ni mjukuu wa jirani wa zamani. Kwa hiyo neno la fedha likiingia baina ya nyumba mbili huwa halitoki upesi. Wao wamelijadili neno hili la skuli kwa muda mrefu kuliko sisi, na kila mara limekuja kwa sura mpya.

Zamani za Waingereza skuli nyingi za mlimani zilikuwa za misheni. Rombo walikaa zaidi Wakatoliki, na Machame na Marangu zaidi Walutheri. Serikali ilitoa ruzuku kwa skuli za misheni zilizotimiza masharti yake, na ruzuku hiyo ilitoka katika kodi ya watu wote, aliye wa dhehebu hilo na asiye wake, pamoja na Waislamu wa huko ambao hawakuwa na skuli nyingi za namna hiyo. Hapa ndipo alipopata nguvu yule asemaye, “Nalipa, lakini mlango si wangu.” Sisi tuliosoma vyuoni twajua namna nyingine, kwamba mwalimu wa chuo hulishwa na wazee wa watoto wenyewe, wala hakuna kodi inayoingia. Lakini chuo hakihitaji maabara, na mwalimu wake hawi na mshahara wa kila mwezi wa kungojewa.

Wenye kahawa wenyewe walijiunga mapema. Mwaka 1925 kiliundwa chama chao cha kwanza, K.N.P.A., na mwaka 1933 kikafuatwa na chama cha ushirika cha K.N.C.U. ambacho jina lake mpaka leo limo midomoni mwa watu wa Moshi. Fedha za kahawa zilipopatikana, neno la skuli halikukaa mbali nazo. Watu waliona kwamba mtoto aliyesoma hupata kazi ya mshahara, na kihamba chenyewe kilikuwa kikipungua kila kilipogawanywa kwa warithi. Kwa Mchagga elimu ilikuwa ndiyo shamba la pili. Hatudhani kwamba walipenda kulipa kuliko watu wengine, illa waliona faida yake kwa macho.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizichukua skuli nyingi za misheni zikawa za watu wote. Mwaka 1973 ada ya skuli za msingi ikafutwa, na kwa Azimio la Musoma la 1974 ikaamuliwa kila mtoto wa nchi apate elimu ya msingi kabla ya mwisho wa 1977. Hapa Unguja na Pemba tulikuwa tumetangulia, maana elimu bila malipo ilitangazwa kwetu tarehe 23 Septemba 1964, nayo huadhimishwa kila mwaka.

Lakini kule mlimani likatokea jambo lililowaudhi wengi. Nafasi za kidato cha kwanza katika skuli za Serikali ziligawanywa kwa mikoa ili mikoa iliyoachwa nyuma nayo ipate. Kilimanjaro ilikuwa na watoto wengi waliomaliza darasa la saba, na nafasi zikawa chache kwao. Wakasema, “Kodi yetu inajenga kwa wenzetu, na watoto wetu wanabaki migombani.” Wenzao wa mikoa mingine wakawajibu kwamba Wachagga walikula kwanza kwa sababu misheni zilianza kwao, basi nao wangoje kidogo. Kwa maoni yetu pande zote mbili zilisema kweli, na ndiyo maana neno hilo halikwisha.

Basi wakajenga zao wenyewe. Katika miaka ya 1980 mkoa wa Kilimanjaro uliipita mikoa yote ya Bara kwa wingi wa skuli za sekondari zisizo za Serikali. Zilijengwa na wazazi, na makanisa, na jumuiya za watu, kwa michango na kwa mikono. Hapo ugomvi uliokuwa baina ya mkoa na mkoa ukaingia baina ya kihamba na kihamba. Mtu alibeba mawe na kutoa fedha ya mabati, kisha skuli ilipofunguliwa ada yake ikamshinda, na mtoto aliyeingia darasani akawa wa jirani yake mwenye duka Moshi mjini. Tunawaomba wanachama walitie neno hili akilini, kwa kuwa mtu aliyekasirishwa namna hii si bakhili. Alikwisha kutoa, naye anauliza alitoa kwa ajili ya nani.

Tuje sasa kwenye kodi yenyewe, maana wengi wetu tunaposema “Serikali ilipe” hatuulizi Serikali inapata wapi. Katika vijiji vya Bara palikuwa na kodi ya maendeleo ambayo kila mtu mzima alitozwa na halmashauri yake. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, na hapana aliyeililia. Lakini halmashauri ya wilaya ya wakulima ilipoondolewa kodi hiyo ilibaki na njia chache za kupata fedha yake yenyewe, na kubwa mojawapo ni ushuru wa mazao. Ushuru huo ulikuwa unafika asilimia 5 ya bei ya shambani, na mwaka 2017 ukapunguzwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kahawa ya shilingi milioni moja ilikuwa ikitoa 50,000, ikawa inatoa 30,000. Fedha hiyo huingia mfuko wa halmashauri pamoja na nyinginezo, na humo hutoka zahanati, na madarasa, na posho za mikutano.

Kwa sheria ushuru huo humwangukia mnunuzi. Lakini mnunuzi si mjinga. Huupiga hesabu kabla hajataja bei, na mwenye mibuni ndiye anayepokea kilichobaki. Hili ni neno kubwa kwetu na tutalirudia.

Tena ushuru wa zao humpata yule tu ambaye zao lake limepita mizanini. Rombo, mtu anayevusha gunia usiku kwenda Kenya halipi kitu, na asubuhi mwanawe hukaa dawati moja na mtoto wa yule aliyeuza kwa halali. Hatuna haja ya kuwaeleza wanachama wa chama hiki magendo ni nini. Karafuu zilizokwenda Mombasa kwa mashua hazijaezeka paa la skuli yoyote ya Pemba, na wakati wa michango waliozipeleka huwa ndio wa mwisho kufika mkutanoni.

Na zao lenyewe halisimami mahali pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa ulimwenguni ilianguka sana, na wengi mlimani wakaiacha mibuni izeeke au wakaing’oa. Skuli haiwezi kuambiwa ingoje mpaka bei ipande.

Sasa tuitazame hali ya siku hizi. Ada ya skuli za msingi Bara ilikuwa imerudi katika miaka ya 1980, ikafutwa tena ulipoanza mpango wa MMEM mwaka 2002. Kisha zikaja sekondari za kata, ambazo kila kata ilihimizwa kujenga ya kwake. Miaka hiyo mchango ulikuwa wa khiyari kwa jina tu; mahali pengi Bara asiyetoa alifuatwa na mgambo nyumbani kwake, na kuku au mbuzi akachukuliwa. Tangu Januari 2016 elimu ikawa bila ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafikishwa kidato cha sita. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, akataka mwalimu asimdai mzazi wala asimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Baadaye ilielezwa kwamba anayetaka kutoa kwa khiyari hakukatazwa, illa fedha zisishikwe na walimu.

Yafaa tujue Serikali hutoa nini hasa. Mishahara ya walimu hutoka Hazina. Tena hutolewa ruzuku ya uendeshaji, ambayo ilipoanza elimu bila ada ilihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi. Katika hizo 6,000 huenda skulini na 4,000 huwekwa kwa ajili ya vitabu. Tufanye hesabu ya skuli yenye watoto 400. Mwaka mzima itapata 2,400,000, yaani 200,000 kwa mwezi, kwa chaki, na karatasi za mitihani, na matengenezo madogo. Mwaka 2021 Serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo uliopatikana wakati wa maradhi ya korona, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Skuli ile ya watoto 400, hata kama ingeruhusiwa kuikusanya ruzuku yake yote bila ya kununua chaki moja, ingehitaji zaidi ya miaka minane kupata darasa moja.

Katika nafasi hiyo iliyobaki, baina ya kinachotolewa na kinachotakiwa, ndimo majirani wa Mkuu wanamogombania. Na mara nyingi si darasa. Ni chakula cha mchana. Chakula kwa utaratibu wa Serikali kilibaki juu ya mzazi. Mtoto anayeshuka asubuhi kutoka kihamba cha juu na kurudi jioni hawezi kusoma kwa njaa, basi wazazi hukubaliana kutoa mahindi na maharage na ujira wa mpishi. Baadhi hutoa, na baadhi husema, “Rais alisema bure.” Mwalimu atafanya nini? Akimpa sahani mtoto wa asiyetoa, mwezi wa pili waliotoa wataacha. Akimnyima, amemwadhibu mtoto kwa kosa la babake, na jambo hilo limekatazwa, tena kwa haki.

Tuchukue mfano wa majirani wawili, ambao si watu fulani bali ni mfano tu. Mwenye kihamba cha juu ni mzee. Wanawe wako Dar es Salaam na Arusha, huja Desemba kwa Krismasi na kurudi. Mwenye kihamba cha chini ana watoto wanne skulini. Mzee asema, “Baba, mimi nilijenga skuli ile kwa mgongo wangu, na kahawa yangu imekatwa ushuru miaka arobaini. Wewe umeleta nini?” Yule wa chini amjibu, “Mzee wangu, nami nakatwa ushuru uleule, na juu yake natoa mahindi. Wewe ukiugua usiku atakayekuita gari ni wanangu, maana wako hawapo.” Wazee wa namna hii ni wengi mlimani. Mkoa wa Kilimanjaro ulihesabiwa watu 1,640,087 mwaka 2012 na 1,861,934 mwaka 2022, ongezeko dogo mno ukilinganisha na nchi nzima, na sababu moja ni kwamba vijana wanahama. Wanaobaki kulinda mibuni, na kukatwa ushuru wake, wengi hawana tena mtoto wa skuli nyumbani.

Huko upande wa Machame na Marangu wana mifereji ya maji ya zamani inayoitwa mifongo. Kila anayenywesha shamba lake sharti aende kuusafisha mfongo, na asiyekwenda hutozwa faini, au maji yasifike kwake. Wako wanaosema skuli nayo iendeshwe hivyo, anayetumia ndiye alipe. Sisi hatukubaliani nao. Mfongo unaweza kumfungia maji asiyechimba, lakini huwezi kumfungia mtu asipate faida ya daktari au mwalimu au mwandishi wa hati aliyesomeshwa na jirani yake. Lakini walau kanuni ya mfongo ina jambo moja zuri: kila mtu amwona mwenzake na jembe mkononi. Ushuru wa mazao hauna hilo. Mzee wa kihamba cha juu hajapata kuonyeshwa kahawa yake imekuwa tofali lipi, na sisi twadhani hasira yake nyingi inatoka hapo kuliko katika zile asilimia 3.

Haya sasa turudi kwetu. Mwaka 2015 Serikali ya Zanzibar ilitangaza kuondoa michango ya wazazi katika skuli za msingi, kwa hiyo hapana anayeweza kumlazimisha mtu, wala chama hakina mamlaka ya kutoza kodi. Shauri lililoletwa ni la wanachama kukubaliana wenyewe. Lakini namna ya kukata kwa kilo ina kasoro ambazo kamati imeona yapasa kuzieleza wazi.

Shilingi 100 kwa kilo ina usawa wa namna yake. Mwenye kilo 300 atatoa 30,000 na mwenye kilo 40 atatoa 4,000. Lakini mvuvi, na mwenye duka, na ndugu zetu walioko Maskati ambao watoto wao wako hapa kwa bibi zao, hawana kilo hata moja, na watoto wao watakaa chini ya paa lilelile. Tena mikarafuu, kama mnavyojua, ukizaa sana mwaka huu huenda mwaka wa pili usizae kitu, na fundi wa paa hatangoja. Na kubwa zaidi ni habari ya kukodi. Wengi wetu hatuuzi karafuu za mikarafuu yetu. Tunakodisha ikiwa na mimea yake juu, na anayekodi ndiye anayechuma, akawalipa wachumaji kwa pishi, akaanika majamvini, na jina lake ndilo linaloandikwa mizanini. Akijua kwamba atakatwa 100, atafanya kama mnunuzi wa kahawa wa Rombo, ataipunguza katika bei ya kukodi. Mwenye mikarafuu atakuwa amelipa bila ya jina lake kuandikwa popote, na aliyeandikwa hakulipa kitu.

Kwa hiyo kamati inashauri tuache mizani kando. Lifunguliwe daftari la nyumba kwa nyumba, kwa pamoja na sheha na kamati ya skuli, la watu wote wa mtaa na si wanachama peke yao, na walioko nje waandikiwe. Mchango uwe wa paa tu, kwa hesabu ya fundi itakayosomwa mbele ya watu kabla ya kutoa senti, na paa likimalizika daftari lifungwe. Majina ya waliotoa na kiasi kilichonunuliwa yabandikwe ukutani pa skuli. Majina ya wasiotoa yasibandikwe. Hili la mwisho lilizua maneno katika kamati, lakini wengi walikubali kwamba tukianza kuandika wasiotoa tutafika kwa kuku na mbuzi.

Juu ya mzee wetu aliyeanza maneno haya, kamati haikumwona mkosa. Alipotembelewa alisema atatoa, kwa sharti aonyeshwe bati lake. Ataonyeshwa.

Limebaki jambo moja ambalo kamati haikukubaliana, nalo ni kama chama kitoe fungu katika akiba yake yenyewe. Mshika fedha apinga, kwa kuwa akiba hiyo iliwekwa kwa ajili ya magunia na majamvi na kwa mwanachama anayeanguka mkarafuuni. Wengine wasema fungu dogo litawapa wengine moyo wa kutoa. Wanachama wataamua kwa kura katika mkutano mkuu, na mwenye neno aliandike amletee katibu kabla ya siku hiyo.